Kabla ya kumwita mtundu: namna mzazi wa Bukavu anavyoweza kuitambua TDAH na kumsaidia mtoto wake

Mtume mtoto wa miaka tisa butiki, umwagize nusu lita ya mafuta, chumvi na kibiriti, kisha umsubiri. Mmoja atarudi baada ya dakika kumi akiwa na vitu vyote vitatu pamoja na chenji. Mwingine, aliyezaliwa katika nyumba hiyo hiyo na kukulia bugali na sambaza zile zile, atarudi baada ya nusu saa akiwa na kibiriti peke yake, chenji haijulikani ilikoangukia, na mkononi ameshika gurudumu la waya aliloliokota kwenye mteremko. Ukimuuliza mafuta yako wapi, atakutazama kwa mshangao usio wa kuigiza, kama mtu aliyeshtuliwa usingizini. Utamchapa, atalia kwa majuto ya kweli, ataahidi kwa moyo wote, na keshokutwa mambo yatakuwa yale yale.

Kwa kawaida mzazi huwa na majibu mawili mbele ya mtoto kama huyo: ama ni mkaidi, ama hana akili. Nilifundisha darasa la tatu huko Kadutu kwa miaka mingi, na ninakiri kwamba hata mimi nilijitosheleza kwa majibu hayo mawili, nikawaketisha watoto wa namna hiyo nyuma kabisa ya darasa ili wasinisumbue, mahali ambapo ndipo hasa hawakupaswa kukaa. Lipo jibu la tatu: huenda mtoto anajua vizuri anachotakiwa kufanya, ila kinachomshinda ni kukifanya wakati ule kinapotakiwa. Madaktari wetu, kwa kuwa husoma kwa Kifaransa, huiita hali hiyo TDAH, yaani tatizo la upungufu wa umakini, ambalo linaweza kuambatana na kutotulia kupita kiasi au kuwapo bila kutotulia huko. Mtoto akishindwa kuona vizuri hatumchapi mpaka aone. Tofauti ni kwamba macho mabovu hujulikana upesi, ilhali umakini mbovu huonekana kama tabia mbaya.

Ni hali gani hii

Tafiti zilizokusanywa kutoka mabara mbalimbali hukadiria kwamba watoto wapatao 5 kati ya 100 wana TDAH, kwa hiyo katika darasa la watoto 60 mwalimu anaweza kutarajia kuwa nao watatu hivi. Ni hali ya ukuaji wa ubongo, hasa sehemu ya mbele iliyo nyuma ya paji la uso, ambayo kazi yake ni kupanga, kungoja, kujizuia, na kushika jambo moja akilini wakati mikono inafanya jingine. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani waliopiga picha ubongo wa watoto walionyesha kwamba gamba la ubongo la wenye TDAH lilifikia unene wake wa juu kabisa likiwa limechelewa kwa takriban miaka 3: umri wa miaka 10 na nusu badala ya 7 na nusu. Si kanuni ya hesabu, lakini mimi huitumia ninapozungumza na wazazi, kwa sababu mama anayeambiwa kwamba katika mambo ya kungoja na kujizuia mwanawe wa miaka tisa bado yuko nyuma ya rika lake, ghafla huacha kumdai asichoweza kulipa.

Hali hii hutembea katika ukoo. Tafiti za mapacha huonyesha kwamba sehemu kubwa ya tofauti kati ya mtoto na mtoto, karibu asilimia 70 hadi 80, inatokana na urithi. Ndiyo maana katika mazungumzo kama haya mara nyingi kuna baba anayeketi kando akitikisa kichwa na kusema, "Hata mimi nilikuwa hivyo hivyo, na nikakua." Baba asinyamazishwe, kwa maana hiyo ni sentensi ambayo daktari anahitaji kuisikia. Kuzaliwa kabla ya wakati na kuzaliwa na uzito mdogo sana pia huongeza uwezekano. Malezi mabaya hayasababishi TDAH, ingawa nyumba yenye makelele na viboko huifanya iwe ngumu zaidi kubeba. Sukari nayo, pamoja na sifa zote mbaya inazopewa, haijathibitika kuisababisha.

Kwa wale wanaosema kwamba ni maradhi ya Wazungu yaliyoletwa na simu na televisheni, inatosha kukumbuka kwamba daktari Mskoti Alexander Crichton aliandika kuhusu watu wasioweza kushikilia umakini mwaka 1798, na kwamba George Still aliwaeleza madaktari wenzake jijini London habari za watoto wa namna hii mwaka 1902. Simu hazikuwapo mifukoni wakati huo.

Lipo pia neno lisemwalo kwa sauti ya chini: kwamba mtoto ni mlozi, au kuna kitu kimemwingia. Mtoto asiyelala mapema, asiyetulia kanisani, anayevunja vyombo na kusema maneno kabla ya kufikiri, ndiye anayeonyeshwa kidole kwa urahisi katika ukoo wenye msiba au biashara iliyoanguka. Sheria yetu haina utata katika jambo hili: Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika ibara yake ya 41, na Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 kuhusu ulinzi wa mtoto, zote zinakataza kumshtaki mtoto kwa uchawi. Sala haimdhuru mtoto, wala siandiki haya ili kumzuia mtu kuomba. Lakini chumba cha maombi kikitaka mtoto afungishwe chakula, afungiwe usiku au apigwe ili "kitu" kimtoke, mchukue mwanao na mwondoke siku hiyo hiyo.

Dalili, na masharti yanayozizunguka

Madaktari huzigawa dalili katika makundi mawili. Kundi la kwanza ni la umakini: mtoto hufanya makosa ya kutoangalia, hushindwa kudumu katika kazi moja, huonekana kama hasikii hata ukisema naye uso kwa uso, huanza jambo bila kulimaliza, hukosa mpangilio, hukwepa kazi ya kufikiri kwa muda mrefu, hupoteza kalamu na sweta, huvutwa na kila kipitacho, na husahau mambo ya kila siku. Kundi la pili ni la kutotulia na kutojizuia: huchezesha mikono na miguu, huinuka mahali anapopaswa kukaa, hukimbia na kupanda mahali pasipofaa, hawezi kucheza kimya, huenda kana kwamba anasukumwa na injini, husema mno, hujibu kabla swali halijaisha, hashiki foleni, na huingilia mazungumzo na michezo ya wengine.

Ukizisoma dalili hizo utaona kwamba kila mtoto anazo baadhi. Hapo ndipo wazazi wengi hukosea, ama kwa kuogopa bure, ama kwa kupuuza, kwa sababu uzito hauko katika dalili peke yake bali katika masharti yake. Kwa kipimo kinachotumiwa na madaktari wengi tangu 2013, mtoto awe na dalili 6 au zaidi kati ya 9 za kundi moja au za yote mawili, ziwe zimedumu angalau miezi 6, zizidi kile kinachotarajiwa kwa umri wake, baadhi yake ziwe zilionekana kabla ya umri wa miaka 12, zijitokeze katika mahali pawili au zaidi, kwa mfano nyumbani na shuleni, na ziwe zinamharibia kweli masomo au maisha pamoja na wenzake. Mtoto anayesumbua kwa shangazi yake tu, na kwingine kote ametulia, pengine ana tatizo na shangazi.

Wasichana wanastahili neno la pekee. Wengi wao huwa na kundi la kwanza bila la pili, hawapandi ukuta wala hawapigani, hivyo hakuna anayelalamika. Msichana ameketi, macho yako ubaoni, mawazo yako ziwani. Akiwa nyumbani ameinjika sombe juu ya mbabula, ameenda kuchota maji na kusahau moto, na kinachomkumbusha ni harufu ya kuungua. Ataitwa mzembe, ataambiwa hataolewa, na atayaamini hayo yote kwa miaka mingi kabla mtu hajafikiri kumpeleka kwa daktari.

Wengi huniuliza inawezekanaje mtoto asiye na umakini atazame mpira wa miguu saa mbili bila kupepesa. Umakini wake upo, ila hauongozwi na uamuzi wake. Kitu kinachobadilika kila sekunde na kumlipa papo hapo humshika chenyewe. Jedwali la kuzidisha, ambalo malipo yake ni buletini ya mwisho wa muhula, halina cha kumshika.

Kaye ya wiki nne

Nunua kaye moja ndogo, uifiche mahali ambapo mtoto hataisoma, na kwa wiki nne usifanye lolote jipya isipokuwa kuandika. Usiandike "leo amekuwa mbaya". Andika kilichotokea, saa ngapi, nani alikuwepo, nini kilitangulia na nini kilifuata. Mfano wa ukurasa mzuri ni huu: "Jumanne, saa kumi na mbili jioni, umeme umekatika, watoto wanne chumbani. Nimemwambia akiwa ameangalia mlango: vaa viatu, chukua ndoo, muite mdogo wako. Amevaa kiatu kimoja, amekwenda dirishani. Nimerudia mara tatu. Nilipomgusa bega na kumwambia ndoo peke yake, ameenda mara moja."

Ukurasa huo mmoja una thamani kuliko saa nzima ya kulalamika mbele ya daktari, kwa sababu ndani yake kuna tatizo na kuna nusu ya dawa: maagizo matatu yalizidi uwezo wake wa kushika, agizo moja likiambatana na mguso lilifika. Andika pia anachokifanya vizuri, na saa zake nzuri. Andika usingizi, yaani alilala saa ngapi, anakoroma au hakoromi. Andika alikula nini kabla ya shule, kwa maana mtoto aliyepanda kilima akiwa na chai kavu tumboni hatakuwa makini saa nne, na hilo si TDAH.

Yanayofanana nayo

Sehemu hii naomba isomwe polepole, maana katika mji wetu ndipo penye makosa mengi. Anza na masikio. Mtoto ambaye sikio lake hutoa usaha kila msimu wa mvua huenda amepoteza sehemu ya usikivu, na anayeketi nyuma ya darasa lenye paa la mabati mvua ikinyesha hasikii kitu. Fuata macho, kisha damu, kwa kuwa upungufu wa madini ya chuma humfanya mtoto awe mchovu na mwenye mawazo yaliyotawanyika. Malaria iliyopanda kichwani inaweza kuacha nyuma yake udhaifu wa umakini na kumbukumbu, kwa hiyo mwambie daktari kama mtoto aliwahi kuzirai au kupata degedege kwa homa.

Kuna kifafa cha watoto kisichomwangusha mtu. Mtoto hukatika ghafla katikati ya neno, macho yanaganda kwa sekunde chache, kope zinapepesa, kisha anaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea, na hali hiyo yaweza kujirudia mara nyingi kwa siku. Mwalimu atasema anaota mchana. Tofauti ni kwamba anayeota ukimwita au kumgusa hurudi, ilhali huyu harudi mpaka kipindi chake kiishe. Kwa wale ambao tayari wanatibiwa kifafa, jueni kwamba fenobabitali, dawa inayotumika sana kwa sababu ni ya bei nafuu, inaweza kuwafanya baadhi ya watoto wasitulie kabisa. Mweleze daktari, lakini usiikatishe dawa mwenyewe hata siku moja, kwa sababu kuikata ghafla kunaweza kuleta degedege kubwa.

Halafu kuna hofu. Mtoto aliyesikia milio ya risasi mwezi Februari 2025 vita vilipoingia mjini mwetu, aliyekimbia usiku akiwa mgongoni mwa dada yake au kuona asichopaswa kuona, hashtuki, halali, hasikilizi, hutazama mlango wakati mwalimu anaandika ubaoni. Au hushtuka kwa kila kitu, hata kwa sufuria iliyoanguka. Kwa nje anafanana kabisa na mwenye TDAH. Swali linalowatenganisha ni lile la tangu lini: TDAH huanza taratibu utotoni, na bibi aliyemlea atakuambia kwamba alikuwa hivyo tangu anajifunza kutembea, ilhali jeraha la moyo lina siku yake ya kuanza. Mtoto aweza kuwa na yote mawili, na hapo linatangulizwa jeraha, kwa kumpa usalama na mtu wa kuzungumza naye.

Mwisho, angalia shule yenyewe. Mtoto anayezungumza Kiswahili au Kimashi nyumbani, akaingizwa moja kwa moja katika darasa la Kifaransa, atachezea kalamu kwa sababu haelewi, wala si kwa sababu hawezi kuelewa. Aliyeingizwa darasa la kwanza kabla ya kutimiza miaka sita hulinganishwa na wenzake wanaomzidi karibu mwaka mzima, na tafiti za nchi kadhaa zimeonyesha kwamba watoto wadogo kuliko wote darasani ndio hupewa jina la TDAH mara nyingi zaidi kuliko inavyostahili.

Nani wa kumwona

Anzia kituo cha afya cha mtaa wako kwa masikio, macho, damu na minyoo, kwa maana huna haja ya kulipa mtaalamu ili uambiwe kwamba mtoto ana upungufu wa damu. Baada ya hapo tafuta daktari wa watoto katika hospitali kubwa, naye akiona inafaa atakuelekeza kwa wataalamu wa akili. Bukavu tuna SOSAME, kituo cha afya ya akili cha Mabruda wa Upendo, shirika la watawa Wakatoliki. Shirika hilo hilo lina Tulizo Letu kule Goma na kituo cha Joseph Guislain kule Lubumbashi. Najua kwamba jina la vituo hivyo huwatisha wazazi, na kuna baba aliyeniambia waziwazi kwamba afadhali mtoto arudie darasa kuliko aonekane akiingia langoni. Mtoto yule alirudia darasa mara mbili.

Daktari hatatoa jibu kwa kipimo cha damu wala picha ya kichwa, kwa sababu hakuna kipimo cha namna hiyo kinachothibitisha TDAH. Atauliza, atachunguza, atapenda kuona buletini za miaka iliyopita na neno la mwalimu, na hapo kaye yako itafanya kazi yake. Picha ya kichwa huombwa kwa sababu nyingine, kama vile jeraha. Anayekuuzia mashine ya kusoma TDAH kichwani anakula pesa zako.

Nyumbani, kuanzia kesho

Mabadiliko ya nyumbani hayangoji jibu la daktari, kwa kuwa yanamfaa mtoto hata ikigundulika kwamba hana TDAH. Kwa walio chini ya miaka sita, kuwafundisha wazazi namna ya kuwaongoza ndiyo tiba inayotangulizwa kabla ya dawa yoyote.

Toa agizo moja kwa wakati mmoja, ukiwa karibu, si kutoka jikoni kwa sauti ya juu. Mfikie, mguse bega, ngoja macho yakutane, sema maneno machache, kisha mwambie arudie alichosikia. Akimaliza, toa la pili. Tukirudi kwenye mafuta, chumvi na kibiriti, mchoree vitu vitatu kwenye kipande cha karatasi, uifungie karatasi hiyo pamoja na pesa kwenye kitambaa kimoja, ili mkono unaotoa pesa uikute orodha. Nimeona wazazi wakikataa jambo hilo kwa kuwa "mdogo wake hahitaji karatasi". Mdogo wake hahitaji miwani pia.

Jambo la pili ni malipo ya papo hapo. Chukua kopo tupu la maziwa na kiganja cha maharagwe. Chagua tabia mbili tu, zilizo wazi, kwa mfano kuweka mkoba karibu na mlango kabla ya kulala na kuanza kazi ya shule akiitwa mara moja. Kila inapofanyika, harage moja linaingia kopo pale pale, na sauti ya harage kugonga bati iambatane na neno la sifa linalotaja tendo lenyewe: "Umeweka mkoba mlangoni bila kukumbushwa." Maharagwe matano yanunue kitu kidogo cha jioni ile ile, kama kuchagua hadithi, kukaa na baba wakati wa mpira, au kushuka naye ziwani Jumamosi ikiwa yamefika ishirini. Harage lililokwisha kuingia lisitolewe kwa kosa jingine, maana akiona akiba yake yaweza kufutwa ataacha kuweka. Baada ya wiki tatu hivi atachoka. Badilisha zawadi, usibadilishe kanuni.

Kazi ya shule igawanywe vipande vya dakika kumi, na katikati yake mtoto asimame, achote maji, aruke kamba, kisha arudi. Akae akiangalia ukuta, si mlango wala dirisha linalotazama barabara. Kwa kuwa umeme wetu haungoji mtu, kazi ifanyike mapema mwanga wa jua ukiwapo.

Kuhusu fimbo, nasema kama mtu aliyeishika. Humnyamazisha mtoto kwa dakika tano na haimfundishi kungoja, kwa sababu adhabu huja baada ya tendo lililokwisha kupita kabla hajafikiri; anachojifunza ni kukuogopa na kudanganya upesi. Kosa likitokea, tokeo liwe fupi, la karibu na lile lile kila mara: amemwaga, anafuta, amemsukuma mdogo wake, anakaa pembeni dakika chache, kisha mambo yanaisha. Na kwa kuwa watoto hawa huumia kuliko wenzao, mbabula iwekwe wasikokimbilia, na kuvuka barabara kati ya motari wa Nyawera kufanywe kwa kushikwa mkono hata kama mtoto anaona haya.

Kwa mwalimu

Tangu elimu ya msingi ilipofanywa bure mwaka 2019 madarasa ya serikali yamejaa, na mwalimu anayekusikiliza ana watoto wengine wengi mgongoni mwake. Usiende kumfundisha kazi yake, wala usiende siku ya kugawa buletini wazazi wote wakiwa mlangoni. Nenda baada ya masomo, useme kwa adabu: "Jambo Mwalimu, samahani kwa kukuchelewesha. Mtoto wangu anakusumbua, nami nyumbani ananisumbua vile vile. Daktari ananiuliza anavyokuwa darasani. Naomba unisaidie kwa unachokiona."

Kisha omba mambo yasiyogharimu: aketi mbele, mbali na mlango, kando ya mtoto mtulivu, atumwe kufuta ubao au kugawa madaftari ili apate nafasi halali ya kuinuka, aguswe mezani anapopotea, badala ya kuitwa jina mbele ya wote, na asinyimwe mapumziko kama adhabu, kwa kuwa mapumziko ndiyo yanayomwezesha kukaa saa inayofuata. Kama shule ina zamu mbili, omba ya asubuhi, ingawa mkurugenzi hatakuwa na nafasi kila mara.

Dawa

Dawa inayojulikana zaidi ni metilifenidati, iliyotengenezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1944. Huongeza kazi ya dopamini na noradrenalini, kemikali zinazobeba ujumbe katika ubongo, na kwa watoto wengi hupunguza dalili kwa saa ambazo iko mwilini. Aina yake ya kawaida hudumu takriban saa tatu hadi nne. Haiponyi, haimfanyi mtoto awe na akili zaidi, wala si dawa ya usingizi. Kwa kawaida haitolewi chini ya miaka sita, na ni ya kuandikwa na mtaalamu anayeijua, ambaye atapima mapigo ya moyo, shinikizo la damu, uzito na urefu kabla ya kuanza na kila baada ya muda. Mara nyingi hupunguza hamu ya kula na kuchelewesha usingizi, hivyo chakula kizito kiliwe asubuhi kabla ya kidonge, na jioni tena.

Si mahali pote hapa kwetu inapatikana, na ukosefu huo umeleta desturi mbaya ya kununua dawa za usingizi au za wagonjwa wakubwa wa akili kwenye famasi ya mtaani ili mtoto "atulie". Mtoto aliyelala hajatulia, amelala. Na dawa hizo zina madhara yake. Ikiwa metilifenidati haipo au ni ghali, kopo la maharagwe, karatasi ya butiki na kiti cha mbele darasani vinaendelea kufanya kazi bila dawa.

Rudi kwa daktari na kaye ile ile, ukiwa umeandika tarehe uliyoanza kila badiliko, ili muone pamoja lipi lilisaidia na lipi lilikuwa bahati ya wiki njema. Septemba mtoto anapopanda darasa anza kaye mpya, na kwenye ukurasa wa kwanza andika mambo matatu yaliyomfaa mwaka uliopita, kwa maneno mafupi yasiyozidi nusu ukurasa, kwa sababu ukurasa huo ndio utakaompa mwalimu mpya wiki ya kwanza, kabla hajamhamishia nyuma ya darasa.